Theluji Nimeiona, Mjukuu Wangu Yuko Wapi?

Ilikuwa Jumamosi ya mwezi wa Januari, saa sita mchana hapa Minneapolis. Theluji ilikuwa imeanguka usiku kucha, na asubuhi jua likatoka kali, lile jua la baridi linaloumiza macho bila kumpasha mtu joto. Binti yangu, wakati huo akiwa na miaka minne, alitoka nje na koti jekundu akaanza kuikanyaga theluji kama mtoto wa pwani anavyokanyaga maji yanapokupwa. Nilimpiga picha kama kumi hivi kwa simu, nikachagua moja, nikamtumia mama yangu Tanga. Kule ilikuwa saa tatu usiku.

Haikupita nusu saa, ukaja ujumbe wa sauti. Baada ya salamu na dua, mama akasema: "Mwanangu, picha nimeipata. Theluji nimeiona, na koti nimeliona, jekundu zuri. Lakini mjukuu wangu yuko wapi? Mbona uso siuoni?"

Nikaifungua tena ile picha. Mama alikuwa na haki. Theluji yenyewe, niliyoiona nyeupe pe kwa macho yangu, kwenye picha ilikuwa ya kijivu kama jivu la jikoni. Na ndani ya kofia ya lile koti palikuwa na giza tu, na meno mawili matatu yanayocheka. Uso haukuwapo.

Ndugu msomaji, huenda wewe ungelicheka ukapita. Mimi lilinikaa moyoni, kwa sababu mama yangu hajawahi kumshika mjukuu wake huyu. Hajui uzito wake, hajui harufu yake. Kila anachokijua kuhusu uso wa mtoto huyu amekijua kwa picha. Nikimpelekea picha isiyo na uso, sijampelekea kitu.

Kwanza niliilaumu simu. Nikadunduliza, nikanunua kamera ya mkono wa pili, ya lenzi ya kubadilisha. Picha ya kwanza kwenye theluji ikatoka vilevile: jivu chini, giza usoni. Ndipo nikamfuata mzee mmoja wa Mombasa anayepiga picha za harusi zetu hapa, ambaye wote tunamwita Fundi. Akaitazama picha, akacheka kidogo, akaniambia: "Kijana, kamera yako ni nzima. Haijui tu kwamba huyu ni mwanao. Ni kazi yako kuiambia."

Makala hii ni yale niliyojifunza kwa Fundi na kwa makosa yangu mwenyewe. Hayahitaji kamera ya bei, na mengi yanafanyika kwa simu uliyoishika sasa.

Kamera inapima nini?

Kila kamera, ya simu au ya begi, ina kipimo cha mwanga ndani yake. Kabla ya kupiga picha, inautazama mwanga unaorudi kutoka kwenye kila kilicho mbele yake, kisha inaamua ni kiasi gani cha mwanga kiingie. Mwanga ukiingia mwingi kupita kiasi, picha inakuwa nyeupe na kupauka. Ukiingia kidogo, picha inakuwa giza.

Inaamuaje? Kamera haijui kilicho mbele yake ni theluji, makaa, kanzu au buibui. Kwa hiyo imefundishwa kudhani jambo moja: kwamba vitu vyote vya duniani ukivichanganya pamoja vinakuwa na rangi ya kijivu cha kati. Wapiga picha wana hata kadi maalumu ya rangi hiyo, inayorudisha asilimia 18 ya mwanga unaoipiga. Kamera hujitahidi picha yako ifikie hapo katikati.

Mara nyingi dhana hiyo inafanya kazi. Barabara, miti, nyumba, watu na mbingu kidogo ukivichanganya vinakaribia kijivu kweli. Matatizo huanza pale kitu kimoja cheupe sana au cheusi sana kinapojaza picha. Theluji mpya hurudisha asilimia 80 hadi 90 ya mwanga. Kamera ikiiona hujisemea, "Hapa pana mwanga mwingi mno," nayo inapunguza. Theluji inakuwa kijivu, na kila kilichosimama mbele yake kinashuka nayo. Uso wa mtoto mweusi, ambao tangu mwanzo unarudisha mwanga kidogo kuliko theluji, unazama kabisa.

Ukipiga picha mtu aliyevaa buibui jeusi mbele ya ukuta mweusi, mambo yanageuka. Kamera hudhani pana giza, inaongeza mwanga, na buibui linatoka kijivu huku uso ukipauka kama uliopakwa unga.

Basi kanuni ya kwanza ya Fundi ni hii, na mwanzoni inashangaza: penye weupe mwingi, ongeza mwanga, penye weusi mwingi, punguza. Akili inataka kufanya kinyume, kwa kuwa theluji tayari inang'aa. Lakini wewe unairudisha kamera kwenye ukweli ambao yenyewe imeukimbia.

Si uso wako wenye kasoro

Kabla sijaendelea na vitufe, kuna jambo nataka vijana wetu walijue. Watoto wengi wanaokulia huku wamewahi kuona picha ya darasa ambamo wenzao wote wanaonekana vizuri na wao wametoka kama kivuli. Mtoto anaweza kudhani kasoro ni yake.

Jambo hili lina historia. Enzi za filamu, maabara za kusafisha picha zilisawazisha rangi na mwanga kwa kutumia kadi ya mfano iliyotoka Kodak. Kwenye kadi hiyo palikuwa na picha ya mwanamke mweupe, na kadi hizo zikaitwa kadi za Shirley. Picha ilihesabiwa kuwa sawa ikiwa ngozi ya mwanamke yule imetoka sawa. Ngozi nyeusi haikuwa kwenye kipimo. Mtafiti wa Kanada, Lorna Roth, ameeleza kwamba miongoni mwa waliolalamika hadi filamu zikaboreshwa ni watengenezaji wa samani za mbao na wa chokoleti, kwa kuwa rangi za kahawia za bidhaa zao zilikuwa hazitofautiki vizuri. Katikati ya miaka ya 1990 ndipo Kodak ilipotoa kadi yenye wanawake wa rangi tofauti.

Kamera za dijitali ni bora zaidi, na kampuni za simu zimeanza kulishughulikia jambo hili waziwazi. Google, kwa mfano, mwaka 2021 ilitangaza simu zake za Pixel 6 pamoja na kazi iliyofanywa ili ngozi nyeusi zitoke vizuri. Hata hivyo, kipimo cha kamera bado kinatafuta kijivu chake. Kwa hiyo mwambie mwanao: uso wako hauna kasoro, aliyepiga picha ndiye hakupima mwanga kwa ajili yako.

Alama ya jumlisha na toa

Tiba ya kwanza ni rahisi kuliko unavyodhani. Karibu kila kamera ina kitufe au gurudumu lenye alama ya jumlisha na toa, +/−. Ukilibonyeza unaona mstari wenye namba: −3, −2, −1, 0, +1, +2, +3. Hapo ndipo unapoiambia kamera, "Umepima, nimesikia, lakini ongeza kidogo," au "punguza kidogo."

Kila namba nzima ni hatua moja, na hatua moja ni mara mbili. Ukienda +1, mwanga unaoingia unakuwa mara mbili ya ule kamera iliotaka. Ukienda +2 unakuwa mara nne. Ukienda −1 unabaki nusu. Katikati ya namba kamera nyingi zina vituo vidogo vya theluthi moja moja, kwa hiyo unaweza kuongeza chembe tu.

Kwa theluji yenye jua, anza na +1 na theluthi mbili, au +2 kamili. Kwa mtu aliyesimama mbele ya mbingu nyeupe ya mawingu, anza na +1. Kwa mtu mwenye nguo nyeusi mbele ya kitu cheusi, jaribu −1. Hizi ni namba za kuanzia tu. Piga, tazama uso, rekebisha, piga tena.

Mambo mawili yamewahi kunitesa hapa. La kwanza: ikiwa kamera yako iko kwenye ile alama ya kila kitu chenyewe, ambayo mara nyingi ni ya kijani, huenda kitufe hicho kisifanye kazi. Geuza gurudumu la juu uweke P, au A (kamera nyingine huandika Av). La pili: ukimaliza, rudisha kwenye 0. Mimi niliwahi kusahau +2 ya theluji, nikaenda nayo kwenye shughuli ya maulidi ndani ya ukumbi, na wazee wote wakatoka kama wamemwagiwa maziwa.

Kwa simu ni rahisi zaidi. Elekeza kamera, kisha gusa uso wa mtu kwenye kioo. Simu nyingi zitaonyesha kiduara au kisanduku, na kando yake kialama cha jua au mstari mdogo. Vuta kidole juu kuongeza mwanga, chini kupunguza. Simu nyingi pia ukigusa uso na kushikilia kidole kwa sekunde mbili tatu, kipimo kinafungwa hapohapo, hakibadiliki hata mtoto akigeuka. Kugusa uso peke yake tayari ni nusu ya dawa, kwa sababu umeiambia simu ipime hapo, si kwenye theluji.

Kamera kubwa nayo unaweza kuiambia ipime sehemu ndogo tu. Tafuta alama ya kisanduku chenye nukta moja katikati. Ukiichagua, kamera inapima pale penye nukta tu. Lakini kumbuka kwamba bado inatafuta kijivu. Ukipima kwenye uso mweusi sana, kamera itauinua uwe wa kijivu cha kati na utatoka mweupe kuliko ulivyo. Rudisha chini kwa theluthi mbili au hatua moja. Shabaha yetu ni uso uonekane kama ulivyo, na weusi wake mzuri. Kuufanya mweupe si kuurekebisha.

Milango mitatu ya mwanga

Ukishazoea alama ya +/−, utataka kujua kamera inaongeza mwanga kwa njia gani. Njia ni tatu, na kila moja ina gharama yake.

Ya kwanza ni tundu la lenzi. Linapanuka na kubana kama mboni ya jicho. Hupimwa kwa namba zenye herufi f, na hapa wengi huchanganyikiwa: namba ndogo ni tundu kubwa. f/2.8 huingiza mwanga mwingi, f/8 huingiza kidogo. Kutoka f/8 hadi f/5.6 ni hatua moja, yaani mara mbili ya mwanga. Gharama yake ni kwamba tundu likiwa kubwa, vitu vya nyuma na vya mbele hupoteza ukali. Kwa picha ya mtoto mmoja hiyo ni sifa nzuri. Kwa ukoo mzima uliopangwa safu tatu, safu ya nyuma inaweza kutoka na ukungu.

Ya pili ni muda. Ndani ya kamera kuna kipazia kinachofunguka na kufunga kwa sehemu ya sekunde. 1/60 huingiza mwanga mara mbili ya 1/125. Gharama yake ni mtikisiko. Mtoto anayekimbia anahitaji 1/500 hivi ili atulie kwenye picha. Mzee aliyekaa kwenye kiti anaweza kupigwa kwa 1/60, mkono wako ukiwa imara.

Ya tatu ni wepesi wa kamera kuhisi mwanga, unaoandikwa ISO. ISO 200 ni mara mbili ya ISO 100, 400 ni mara mbili ya 200, na kuendelea. Gharama yake ni chengachenga, zile nukta nukta zinazoifanya picha ionekane kama imepigwa kwenye mchanga.

Tuchukue sebule ya usiku wakati wa baridi, familia imekaa chini inakula, taa za kawaida zimewashwa. Ukiweka f/2.8, 1/60 na ISO 1600 uko karibu na unachohitaji. Ukiona bado giza, usishushe muda hadi 1/15, maana mikono yote itatoka kama moshi. Panda ISO 3200 ukubali chengachenga. Fundi ana maneno yake juu ya hilo: "Chenga bibi atazisamehe. Ukungu hautoi uso."

Pale familia zetu zinapokwama

Dirishani. Nyumba za huku zina madirisha makubwa, nasi tunapenda kumsimamisha mgeni hapo ili mandhari yaonekane. Kamera inapima mwanga wa nje, mgeni anakuwa kivuli. Dawa ya kwanza haihitaji kitufe: badilishaneni nafasi. Wewe simama dirishani, yeye akutazame, au akae ubavuni mwa dirisha, mwanga ukimpiga kwa pembeni. Huo wa pembeni ndio mwanga mzuri kuliko wote nyumbani, na ni wa bure. Kwa sisi tunaoishi kaskazini, ambako mwezi wa Desemba jua linazama kabla ya saa kumi na moja jioni, dirisha la saa sita mchana ni mali. Nimezoea picha zote za Desemba kuzipiga hapo.

Jua la Ghuba. Ndugu zetu wa Muscat, Dubai na Doha wana shida tofauti. Jua la saa sita liko utosini; macho yanageuka mashimo, na kanzu nyeupe inawaka hadi nyuzi na vifungo vinapotea. Hapo tofauti kati ya kanzu na uso ni kubwa kuliko kamera inavyoweza kubeba. Ukiokoa kimoja unapoteza kingine. Usishindane na jua hilo. Ingieni kwenye kivuli cha ukuta au cha kibaraza, mtu akiwa ametazama upande ulio wazi. Ukuta mweupe wa mbele yake utamrudishia mwanga laini usoni. Au ngojeni baada ya alasiri. Kama lazima iwe juani, washa flashi mchana kweupe na kaa karibu, mita mbili tatu, ijaze yale mashimo ya macho. Flashi ya simu kwa kazi hiyo ni dhaifu sana, usiitegemee.

Siku ya mahafali. Mwanafunzi amevaa joho jeusi, amesimama kwenye majani mbele ya jengo. Joho likijaza picha, kamera inaongeza mwanga, mbingu inakufa na uso unapauka. Gusa uso, punguza theluthi mbili, piga. Kisha sogea karibu upige na nyingine ya uso na kofia tu. Wazazi walioko nyumbani ile ya karibu ndiyo wataitazama zaidi.

Ukumbi wa harusi. Ukumbi ni giza, bibi harusi yuko kwenye taa kali. Kamera inaona giza la ukumbi, inaongeza, na bibi harusi anakuwa doa jeupe lenye midomo. Punguza hatua moja, hata moja na nusu, au pima kwa ile nukta usoni pake. Ukumbi ukitoka giza, hakuna neno. Hakuna aliyekuja kuitazama dari.

Kamera na simu nyingi za sasa hutambua sura za watu na kujaribu kupima hapo zenyewe. Zinasaidia kweli. Lakini mtoto akiinamisha kichwa, au akiwa ndani ya kofia ya koti, sura haionekani na kamera inarudi kwenye kijivu chake. Ndiyo maana ni vizuri mkono wako ujue njia.

Kioo cha kamera kinadanganya

Kuna kosa nililolifanya miezi mingi. Nilikuwa nikitazama picha kwenye kioo cha kamera ndani ya chumba chenye giza, naiona inang'aa vizuri, naituma, halafu kwa mwenzangu inatoka giza. Kioo kikiwa kwenye chumba cheusi huonekana kimewaka. Ukitoka nacho juani huonekana kimezima. Picha ni ileile.

Kamera nyingi zina grafu ya mwanga unayoweza kuiwasha unapotazama picha. Ni kama kilima. Upande wa kushoto ni weusi, wa kulia ni weupe. Kilima kikisongamana kushoto hadi kugonga ukuta, kuna giza lisilo na kitu ndani. Kikigonga ukuta wa kulia, kuna weupe usio na kitu ndani. Picha ya theluji iliyo sawa huwa na kilima kikubwa upande wa kulia, karibu na ukuta bila kuugonga. Picha yangu ya kwanza ilikuwa na kilima chake katikati kabisa, na hapo ndipo nilipoelewa kwa macho yale maneno ya kijivu cha kati.

Kamera nyingine pia huonyesha sehemu zilizoungua kwa kuzimulikamulika nyeusi na nyeupe. Zikimulika kwenye taa au kwenye jua, achana nazo. Zikimulika kwenye paji la uso au kwenye kanzu ya baba, punguza upige tena.

Kurekebisha baadaye kuna mpaka

Utasema, si kuna programu za kurekebisha? Zipo, tena nyingi ziko ndani ya simu yako. Lakini chagua mshale sahihi. Ule wa mwangaza wa jumla huinua picha nzima, pamoja na theluji ambayo haikuhitaji. Ule wa vivuli huinua sehemu za giza peke yake, na ndio unaofaa kwa uso uliozama. Uinue polepole, na ukiona chenga au ngozi inageuka kijivujivu kama saruji, rudi nyuma. Kama kamera yako inaweza kuhifadhi picha ghafi, zile zinazoitwa RAW, ziwashe siku za shughuli kubwa, kwa kuwa zinabeba mengi zaidi ya kurekebisha. Na ukituma kwa WhatsApp, chagua HD au itume kama faili, vinginevyo picha hubanwa na sura ndogo hupoteza alama zake.

Mpaka wa kurekebisha niliujua kwa njia ngumu. Asubuhi niliyoondoka Tanga, miaka mingi nyuma, baba yangu alinisindikiza hadi mlangoni. Nilitoa simu nikampiga picha moja, amesimama ndani ya mlango, nyuma yake ua wetu ukiwaka jua la asubuhi. Nilikuwa na haraka ya basi, sikuitazama. Baba alifariki kabla mjukuu wake hajazaliwa, na ile ndiyo picha ya mwisho niliyo nayo.

Katika picha hiyo ua ni mzuri sana. Unaweza kuhesabu majani ya mpapai. Baba ni umbo jeusi lenye kofia. Nimeinua vivuli hadi mwisho, na Fundi naye amejaribu kwenye kompyuta yake. Tumepata ncha ya pua na mstari wa shavu, vilivyobaki ni chenga. Pale ambapo kamera haikupokea mwanga, hakuna programu ya kuurudisha. Kidole changu kingemgusa uso kwenye kioo kwa sekunde moja tu, ningekuwa naye.

Kwa hiyo nakuomba, ndugu msomaji, siku ya safari, siku ya kuagana, siku ya mzee kutoka hospitali, chukua hiyo sekunde moja. Gusa uso, piga, tazama uso kwenye kioo kabla hujaiweka simu mfukoni. Kama ni giza, ongeza upige tena wakati mtu bado yuko mbele yako.

Januari iliyofuata

Mwaka uliofuata theluji ilianguka tena, na binti yangu akatoka na koti lilelile, sasa limemfupia mikono. Nikaweka A, f/4, nikasogeza alama hadi +1 na theluthi mbili. Nikamwita jina lake, akageuka upande wa jua, akasukuma kofia nyuma. Nikapiga tatu. Kwenye kioo theluji ilikuwa nyeupe, na katikati yake palikuwa na uso mzima: nyusi, kovu dogo la kidevuni, chembe za theluji kwenye kope.

Nikamtumia mama. Tanga ulikuwa usiku, nikadhani amelala. Ujumbe wa sauti ukaja baada ya saa nzima, na kwa muda mrefu mwanzoni mwake hapakuwa na neno, nilisikia feni tu.

Kisha mama akasema: "Mwanangu, hili paji la uso ni la marehemu baba yako. Hivi hivi. Nimemwita jirani aje aone, naye kasema hivyohivyo. Mbona hukuniambia?"

Sikumwambia kwa sababu nami sikujua. Nilikuwa namwona mtoto huyu kila siku, wala sikuwahi kuliona. Ile picha tumeichapisha, iko ukutani kwa mama, karibu na mlango.